Tasnifu Iliyokutana na Msimu wa Kufungwa kwa Omena: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Uzamili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Kenya. Nilikuwa mratibu wa wanafunzi wa uzamili katika idara yake, kwa hiyo nilizisoma barua zake, rasimu zake na kumbukumbu za mikutano yake, na yeye mwenyewe ameridhia yaandikwe ili wanaomfuata wanufaike. Nimeondoa jina lake, la chuo, la shule anakofundisha na la fuo alizofanyia utafiti, na miaka nimeihesabu tangu alipojisajili. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake na ndivyo sote tulivyomwita.

Wanafunzi wengi ninaowaona wakichelewa kumaliza si wavivu, na uwezo wa masomo wanao. Muda wao huliwa na kungoja: kungoja maoni ya msimamizi, kungoja kikao cha kamati, kungoja kibali, kungoja mtahini. Mwalimu naye alingoja, na kwa miezi kadhaa alingoja vibaya. Baadaye alijifunza kungoja huku kazi ikiendelea, na hapo ndipo kisa chake kinapostahili kusomwa.

Usuli

Mwalimu hufundisha Biolojia na Kilimo katika shule ya upili ya kutwa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa matatu kutoka mjini Kisumu. Masomo yake ya darasani yalikuwa Ijumaa jioni na Jumamosi. Karo aliilipa kwa mkopo wa sacco, na katika chuo chake mwanafunzi aliyemaliza kozi za darasani huendelea kulipa ada kila semesta hadi atakapofuzu. Kuchelewa kwake, kwa hiyo, kulikuwa na bei iliyojulikana, na ilikatwa kwenye mshahara.

Mada aliyoipenda ilitoka alikozaliwa: upotevu wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, baada ya kuvuliwa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta samaki karibu na uso wa maji, na mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua, hata wavuvi wengi wakaamua kupumzika. Asubuhi wanawake hununua mzigo ufuoni na kuuanika juu ya nyavu kuukuu, juu ya mawe au mchangani. Mvua ikiwawahi samaki kabla hawajakauka, mzigo huoza au hubadilika rangi, na kilichokuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwalimu alitaka kupima ni kiasi gani kinachopotea kwa njia hiyo, na ni nini kinachowafanya wachuuzi wengine wapoteze zaidi ya wenzao.

Jambo moja la mazingira ya mada hii lilikuja kuamua ratiba nzima. Kwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili samaki wazaane. Mwalimu alilijua hilo tangu utotoni, na wasimamizi wake walilijua vilevile. Hata hivyo, pendekezo la kwanza la utafiti halikulitaja katika ratiba ya kazi.

Mfuatano wa matukio

Mwalimu alijisajili Septemba ya mwaka wa kwanza na kumaliza kozi za darasani mwezi Juni uliofuata, sawa na wenzake. Kuanzia Julai aliandika pendekezo. Lilikuwa na malengo manne, fuo sita katika kaunti tatu, na wachuuzi wapatao 900 katika orodha. Kwa kanuni ya Yamane, inayotumiwa sana katika vyuo vyetu, yaani kugawanya idadi ya walengwa kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha makosa (hapa 0.05), alihitaji wahojiwa 277. Angewahoji peke yake, mwishoni mwa wiki, akitoka fuo hadi fuo kwa pikipiki.

Mwezi Oktoba wa mwaka wa pili alilitetea pendekezo mbele ya idara, likapita kwa sharti la kusahihishwa. Masahihisho hayo yalichukua hadi katikati ya Februari. Msimamizi wa kwanza alikuwa mtu wa takwimu na alitaka hojaji ndefu yenye majibu ya kuchagua. Msimamizi wa pili, aliyebobea katika mahojiano ya kina, aliona kwamba upotevu wa mali ni jambo ambalo mchuuzi hulificha, na kwamba hojaji peke yake ingeleta majibu ya heshima tu. Wote wawili walikuwa na hoja. Kosa lilikuwa katika njia: Mwalimu alipeleka rasimu kwa mmoja, akangoja, akasahihisha, akaipeleka kwa mwingine, akangoja, na huyo wa pili akafuta alichoagiza wa kwanza. Rasimu ilizunguka hivyo mara kadhaa bila wasimamizi hao kuketi pamoja.

Februari pendekezo likaenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Kamati ilirudisha maswali mwezi Machi. Ilitaka fomu ya ridhaa iwe pia kwa Dholuo, na itafsiriwe upya na mtu mwingine ili kuhakikisha maana haijapotea. Ilitaka pia swali lililowataka wachuuzi wawataje kwa majina waliowakopesha fedha liondolewe. Mwalimu alijibu haraka na kupata idhini siku za mwisho za Machi. Ndipo alipogundua kwamba leseni ya utafiti ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, huombwa ukiwa tayari na barua ya kamati ya maadili, na kwamba ofisi za serikali katika kaunti hutaka kuiona leseni hiyo kabla ya kumruhusu mtafiti kuingia uwanjani. Alikuwa amedhani atayaomba yote kwa pamoja.

Leseni ilifika katikati ya Aprili, wakati ambapo mashua za omena zilikuwa zimeshapandishwa nchi kavu.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Mwalimu aliniandikia akitaka ushauri, na niliitisha kikao cha watu wanne: yeye, wasimamizi wake wote wawili na mimi. Mezani kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuwahoji wachuuzi wakati huohuo wa kufungwa, kwa kuwauliza wanayoyakumbuka kuhusu mwezi Machi. Ya pili ilikuwa kubadili samaki na kuchunguza ngege, yaani tilapia, badala ya omena, jambo ambalo lingelazimu pendekezo jipya na kurudi kwenye kamati ya maadili tangu mwanzo. Ya tatu ilikuwa kusubiri hadi Agosti.

Kumbukumbu ya mtu kuhusu debe alizoanika wiki nyingi zilizopita haiwezi kubeba tasnifu inayodai kupima upotevu, kwa hiyo njia ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ilikataliwa kwa sababu ngege huuzwa akiwa mbichi au amekaangwa, na swali la Mwalimu lilikuwa swali la kuanika. Ikabaki kusubiri, lakini msimamizi wa pili alisema wazi kwamba hatakubali miezi minne ipite tupu. Kilichofuata ni mazungumzo ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyoiokoa tasnifu hii.

Msimamizi wa kwanza aliuliza: "Mwalimu, katika malengo haya manne, ni lipi ukiliondoa tasnifu itaanguka?"

Alifikiri kidogo, akajibu: "Ni la kwanza, Profesa. La kujua kiasi kinachopotea. Na la pili, la sababu zake. Hayo mengine ningeweza kuyaandikia siku nyingine."

Malengo yakawa mawili. Fuo zikawa mbili, ambazo Mwalimu angeweza kuzifikia asubuhi na mapema bila kulala ugenini. Orodha ya wachuuzi wa fuo hizo ilikuwa na watu 160, na kwa kanuni ileile wahojiwa wakawa 115. Kamati ya maadili ikaombwa idhini ya mabadiliko hayo kwa barua fupi, na ikaitoa bila kuhitaji pendekezo zima kusomwa upya.

Mzozo wa njia za utafiti ulikwisha kikaoni humohumo, kwa muda mfupi kuliko barua yoyote iliyokuwa imeandikwa kuuhusu. Ilikubaliwa hojaji iwe fupi na ifuatwe na mahojiano ya kina na wachuuzi 12, na kwamba mahojiano hayo yaanze Mei, kwa kuwa yaliuliza kuhusu uzoefu wa miaka mingi na hayakuhitaji samaki kuwapo ufuoni. Miezi ya kufungwa ilipewa kazi tatu: mahojiano hayo, majaribio ya hojaji, na kukamilisha sura tatu za mwanzo za tasnifu.

Ilikubaliwa pia kwamba baada ya kila kikao Mwalimu aandike ukurasa mmoja, siku hiyohiyo, na kuutuma kwa wasimamizi wote kwa pamoja: yaliyokubaliwa, nani atafanya nini, na kufikia lini. Asiyejibu kwa siku saba angehesabiwa kuwa amekubali. Pendekezo hili la mwisho lilitoka kwa msimamizi wa kwanza mwenyewe, na ni vizuri lilitoka kwake, kwa maana mwanafunzi wetu wa kawaida asingethubutu kumwekea profesa siku ya mwisho.

Majaribio ya hojaji yalileta faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Hojaji ilikuwa ikiuliza kilo, na wachuuzi walikuwa wakijibu kwa kukisia, kwa sababu ufuoni hesabu hufanywa kwa debe na gorogoro. Aidha, uzito wa omena hupungua kiasili wanapokauka, kwa hiyo tofauti ya uzito kati ya wabichi na wakavu haioneshi upotevu hata kidogo. Maswali yakaandikwa upya: katika mzigo wa jana, ni gorogoro ngapi za omena wakavu wazuri, ngapi ziliuzwa kwa bei ya kuku, na ngapi zilitupwa? Kama angeingia uwanjani mwezi Machi na ile hojaji ya kwanza, angerudi na karatasi mamia zisizopima alichotaka kupima.

Matokeo

Data ya hojaji ilikusanywa katika likizo ya Agosti na mwishoni mwa wiki za Septemba, ufuoni, majibu yakijazwa kwenye simu kupitia programu ya KoboCollect, ambayo huhifadhi majibu hata pasipo mtandao na kuyatuma baadaye. Mwalimu alipanga siku zake kwa kutazama kalenda ya mwezi, akiziepuka zile za mbalamwezi. Wenyekiti wa kamati za usimamizi wa ufuo, zinazojulikana kwa kifupi BMU, walikuwa wamemzoea tangu Mei, na hakuna aliyemzuia.

Tasnifu iliwasilishwa mwezi Machi wa mwaka wa tatu. Utetezi ulifanyika Agosti, masahihisho yakakubaliwa Septemba, na Mwalimu akahitimu kwenye mahafali ya Desemba, miaka mitatu na robo tangu ajisajili. Shahada hiyo imepangwa kuwa ya miaka miwili, kwa hiyo hakumaliza kwa wakati kwa maana kamili. Lakini kwa jinsi mambo yalivyokuwa Aprili ya mwaka wa pili, akiwa na malengo manne, fuo sita na wasimamizi wasiozungumza, sikuona namna ambavyo angemaliza kabla ya mwaka wa tano.

Uchambuzi

Muda uliopotea kwa hakika ni ule wa kuanzia Oktoba hadi Februari. Kufungwa kwa ziwa kulionekana kama pigo kubwa, lakini miezi hiyo minne ilitoa mahojiano, hojaji iliyosahihishwa na sura tatu. Miezi iliyotangulia haikutoa chochote isipokuwa rasimu zilizofutana. Masahihisho yangalimalizika Novemba, vibali vingalipatikana Januari, naye angalikuwa na miezi ya Februari na Machi ya kukusanya data kabla ya msimu kufungwa. Ingawa angefika na hojaji yenye kasoro, hata hiyo majaribio ya wiki moja yangetosha kuifichua.

Mwanafunzi mwenye wasimamizi wawili anapaswa kuomba kikao cha pamoja mara tu anapoona maagizo mawili yanayopingana, na aombe bila kungoja mara ya pili. Najua ugumu wake. Katika vyuo vyetu mwanafunzi huwaona wasimamizi kama wazee wa nyumba mbili tofauti, na kumpelekea mmoja neno la mwingine huonekana kama uchongezi. Njia iliyo salama ni kuandika barua moja kwa wote wawili, yenye heshima na isiyomlaumu yeyote, ikinukuu maagizo yote mawili bega kwa bega na kuuliza lipi lifuatwe. Pasipopatikana jibu, mratibu wa uzamili yupo kwa kazi hiyo hasa, na kumwendea si kushtaki.

Mpangilio wa vibali nao ulipaswa kujulikana mapema. Kamati ya maadili kwanza, kisha NACOSTI, kisha ofisi za kaunti, na mwisho viongozi wa mahali penyewe. Kila kimoja hufungua mlango wa kinachofuata. Ombi la NACOSTI hufanywa mtandaoni, na nyaraka zake nyingi zinaweza kutayarishwa wakati kamati ya maadili ingali inalisoma pendekezo. Fomu ya ridhaa kwa lugha ya wahojiwa ingeweza kuandikwa tangu Oktoba. Idara haikumpa Mwalimu mpangilio huu kwa maandishi, na nadhani ni kazi ya idara, kwa sababu mwanafunzi hupita njia hii mara moja tu ilhali idara huipita kila mwaka.

Kupunguza upana wa utafiti kulifaulu kwa sababu kulifanywa na swali sahihi. Wanafunzi wanapoambiwa tu kwamba mada ni pana, hupunguza maneno ya kichwa na kubakiza kazi ileile chini yake. Swali la lengo lipi likiondolewa tasnifu itaanguka humlazimisha mtu kutaja moyo wa kazi yake. Nimelitumia swali hilo na wanafunzi wengine tangu wakati huo, na mara nyingi malengo mawili hubaki.

Yako mambo yaliyoharibika hata baada ya kikao kile. Kubwa zaidi lilikuwa la uchambuzi wa data. Mwezi Oktoba, akiwa amechoka na akisahihisha mitihani ya shule, Mwalimu alilipa moja ya zile ofisi za mjini zinazofanya uchambuzi wa takwimu kando ya mashine za kudurufu. Alirudishiwa majedwali mazuri ya kutazama, yenye hesabu za rigresheni. Msimamizi wa kwanza alimwomba aeleze jedwali moja, naye hakuweza. Kazi yote ikaanza upya: majedwali ya asilimia, kulinganisha makundi kwa jaribio la kai mraba, na hakuna kilichozidi hapo. Uchambuzi huo rahisi ulimtosha kujibu maswali yake mawili, na siku ya utetezi aliueleza bila kutazama karatasi. Anayehitaji msaada wa takwimu autafute, lakini aketi pembeni ya anayemsaidia hadi aelewe kila hatua, maana mtahini atamuuliza yeye.

Marejeo yalimgharimu pia. Alikuwa akiyaandika kwa mkono tangu mwanzo, na mwezi wa mwisho kabla ya kuwasilisha aliutumia kutafuta vyanzo ambavyo alivitaja katika sura ya pili na havikuwa katika orodha. Zotero ni programu ya bure ya kuhifadhi na kupanga marejeo, na hujifunzwa kwa siku moja. Wa kuianza ni yule anayeandika ukurasa wa kwanza wa pendekezo.

Jambo alilolifanya vizuri na ambalo wengi hulisahau ni ilani ya nia ya kuwasilisha. Chuo chake, kama vingi nchini, hutaka ilani hiyo miezi mitatu kabla ya tasnifu yenyewe, ili watahini wapate kuteuliwa. Mwalimu aliitoa Desemba, akiwa bado anaandika sura ya nne. Angengoja amalize ndipo aitoe, angeongeza miezi mitatu isiyo na kazi yoyote ndani yake.

Kuhusu makala, mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 ulitaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja katika jarida linalohakikiwa, na wa uzamifu makala mbili. Mwalimu aliituma yake baada ya kuwasilisha tasnifu, katika muda wa kungoja watahini, na alipata barua ya kukubaliwa wiki chache tu kabla ya orodha ya mahafali kufungwa. Aliponea chupuchupu. Katika hofu hiyo alipokea baruapepe kutoka majarida yanayoahidi kuchapisha kwa siku tatu kwa malipo, na ninamsifu kwa kuyakataa, kwani makala ya namna hiyo humfuata mtu miaka yote ya kazi yake. Mahojiano yale 12 ya Mei na Juni yangetosha kuwa makala mapema zaidi.

Matumizi kwa mada nyingine

Fomu ya pendekezo katika idara ile sasa ina swali linalomtaka mwanafunzi aeleze ni miezi gani jambo analolichunguza huonekana uwanjani na ni miezi gani halionekani, na ratiba yake husomwa kando ya jibu hilo. Swali hilo huwagusa wengi. Anayetafiti shule za upili huikuta milango imefungwa muhula wa tatu, wakati wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili. Anayetafiti uvunaji wa mahindi upande wa Nakuru hana budi kuwa na vibali mkononi kabla ya Oktoba. Anayetaka kuwafuata wakulima wa miwa, Mumias au Nzoia, akumbuke kwamba muwa huchukua takriban miezi 18 kukomaa, kwa hiyo hawezi kulifuata zao moja kuanzia kupandwa hadi kukatwa katika muda unaobaki baada ya kozi za darasani ndani ya shahada ya miaka miwili. Ni heri achague mashamba yaliyokwisha kupandwa kwa nyakati tofauti, ayapime yote katika msimu mmoja, na aeleze katika sura ya tatu kwa nini alifanya hivyo.